Siku Mlingoti Ulipowashwa Mapema

Umande haujakauka kwenye mteremko wa Menengai, na Kiprugut arap Birech tayari amesimama kwenye kibanda cha mitambo akiwa na bisibisi mkononi. Hapandi bado. Anafungua kisanduku cha chuma kilichopigiliwa ukutani, anang'oa fyuzi zote, anazifunga kwenye leso na kuzitia mfukoni. Kisha anamwita fundi wa zamu aje aone kwa macho yake.

"Umeona?" anamwuliza.

"Nimeona, mzee."

"Sema umeona nini."

"Hakuna fyuzi, mzee. Siwezi kuwasha hata nikitaka."

Hapo ndipo Kiprugut anapoufunga mkanda wake kiunoni na kuuelekea mlingoti, mguu wa kushoto ukiburura kidogo kwenye nyasi.

Mlingoti huo una urefu wa futi mia mbili. Umepakwa rangi nyekundu na nyeupe, na umeshikiliwa na nyaya nene zilizochimbiwa ardhini. Ni wa stesheni ndogo ya redio ya mji huu wa Nakuru, ile inayosikika Njoro na Gilgil, na siku za hali nzuri hata kule Longonot. Kazi ya Kiprugut ni kuupanda kila wiki, kukwaruza kutu, kutia grisi, kupaka rangi na kubadilisha taa ya kileleni. Kwa kazi hiyo analipwa shilingi themanini na tano kwa mwezi, pamoja na posho ya unga.

Ukimwuliza anaona nini akiwa juu, anajibu kwa mkato. Anaona ziwa. Anaona reli. Anaona vigae vyekundu vya Milimani katikati ya miti, na chini zaidi, mistari ya nyumba za Bondeni.

"Nyumba ya Mastura, alikopanga mwenzangu, naijua kwa bati lake," anasema. "Lakini siitazami sana."

Watu wengi hudhani mlingoti wa redio ni nguzo tu ya kubebea waya. Huu si hivyo. Chuma chote, kutoka chini hadi kileleni, ndicho kinachorusha sauti. Kwa hiyo mguu wake haugusi udongo. Umekalishwa juu ya kaure kubwa nyeupe ili nguvu isimwagike ardhini. Stesheni ikiwa hewani, chuma kizima kina moto ambao jicho halioni.

"Kama tayari uko juu, hakuna kitu," anaeleza Kiprugut. "Uko kama ndege kwenye waya wa umeme. Taabu ni kushuka. Mguu ukigusa chini na mkono bado uko kwenye chuma, moto wote unapita ndani ya mwili wako."

Ndiyo maana tangu mwanzo kulikuwa na amri moja. Mpandaji anafunga swichi kwa kufuli, anapanda na ufunguo. Ufunguo ulikuwa mmoja. Mpaka Aprili ya mwaka 1956, Kiprugut aliamini hivyo.

Wakati huo hakuwa akipanda peke yake. Alikuwa na mwenzake, Ngigi wa Nderitu, mtu wa Fort Hall. Wawili hao walianza pamoja kama vibarua wa kuchimba shimo la msingi, kabla mlingoti wenyewe haujafika kwa treni ukiwa vipande vipande. Vilipokuja kuunganishwa, mafundi waliotoka Nairobi walitafuta watu wasioogopa kwenda juu. Walijitokeza hao wawili tu.

"Ngigi alikuwa na maneno mengi," Kiprugut anakumbuka, na kwa mara ya kwanza anatabasamu. "Akiwa juu anaimba nyimbo za kanisa, lakini anageuza maneno. Anamtia karani wetu ndani ya wimbo, anamtia mkewe, ananitia mimi na meno yangu. Nilikuwa nashika chuma kwa nguvu nisianguke kwa kucheka."

Ngigi aliishi Bondeni na mkewe Wachuka na watoto wao watatu, katika chumba kimoja cha nyumba ya Mastura Obeid, mjane ambaye babu yake alikuja huku na reli kutoka Mombasa. Ilikuwa ni siku za Hali ya Hatari. Mkikuyu hakuweza kukaa mjini bila kipande chenye sahihi ya mwajiri wake, na ikifika saa moja jioni ilimpasa awe ndani ya lokesheni, mtaa waliotengewa Waafrika.

"Mimi Mkipsigis, natembea mpaka saa nne na hakuna mtu ananiuliza," anasema Kiprugut. "Yeye akichelewa kidogo tu, ni lori."

Lori maana yake kila mtu aliijua. Lilibeba mtu, mkewe, watoto na sufuria zao, likawapeleka kwenye kambi nje ya mji, na kutoka hapo wakasafirishwa kwenda rizavu, ardhi waliyotengewa Wakikuyu.

Mwaka huo stesheni nayo ilikuwa taabani. Masafa iliyopewa hayakuwa yake peke yake. Iligawana na stesheni nyingine kubwa zaidi, upande wa magharibi. Makubaliano yalikuwa Nakuru ianze saa kumi na moja jioni. Lakini wale wenzao walizoea kuingia mapema na muziki, na nguvu zao zilikuwa nyingi, kiasi kwamba msikilizaji wa Molo aliyekuwa akitafuta Nakuru aliwakuta wao. Mashtaka yakapelekwa Nairobi. Kila aliyefanya kazi kwenye stesheni alisikia maneno yaliyokuwa yakisemwa ofisini: atakayeonekana kuyatumia masafa hayo kwa saa nyingi zaidi ndiye atakayeachiwa.

Basi ofisi ikaanza kufungua mapema. Siku nyingine nusu saa, siku nyingine zaidi. Wapandaji hawakuambiwa kitu.

Ilikuwa Alhamisi. Taa ya kileleni ilikuwa imeungua, na upepo ulikuwa umelegeza waya mmoja. Baada ya chakula cha mchana Kiprugut na Ngigi walifunga swichi, Ngigi akatia ufunguo mfukoni, wakapanda. Walikuwa wamekwisha maliza kazi pale juu wingu lilipotoka upande wa Mau, jeusi, likashuka na mvua ya mawe.

"Huwezi kushuka katika mawe," anasema Kiprugut. "Unakumbatia chuma, unaficha uso. Yanakupiga vidole mpaka huvisikii."

Mawe yalipopungua yakabaki maji matupu, walianza kushuka polepole, Ngigi akitangulia. Alikuwa amebakiza kimo cha mtu kufika chini Kiprugut alipotazama kibanda cha mitambo na kuona taa nyekundu juu ya mlango inawaka. Taa hiyo huwaka wakati stesheni iko hewani.

"Ngigi! Simama! Taa inawaka!"

Ngigi aliingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akautazama.

"Haiwezekani," alisema. "Ufunguo ninao mimi."

"Inawaka, nakwambia. Usikanyage chini!"

Walipiga kelele. Ndani ya kibanda injini ya dizeli ilikuwa ikinguruma, mvua ilikuwa ikipiga bati, na mlango ulikuwa umefungwa kwa ajili ya upepo. Kiprugut alirusha spana yake ikagonga ukuta. Hakuna aliyetoka. Ngigi akarusha yake. Hakuna aliyetoka.

Wakakaa pale pale, mmoja juu ya mwenzake, wakitota.

"Nilimwambia tungoje," Kiprugut anasimulia. Anazungumza taratibu sasa, na macho yake yako kwenye nyasi zilizo chini ya mlingoti. "Nilisema, saa tatu usiku watazima, tutashuka. Akaniuliza, 'Na hiyo saa tatu mimi nitakuwa nani?' Nikamwambia nitakwenda naye mpaka mlangoni kwake, nitawaeleza askari mwenyewe. Akasema, 'Yule jirani yangu Karanja alichelewa kwa sababu treni yake ilichelewa. Askari waliiona treni kwa macho yao. Asubuhi watoto wake walipakiwa. Wewe utawaambia nini, kwamba redio ilinikataza kushuka?'"

Ipo njia moja ya kutoka kwenye chuma chenye moto, na mafundi wa zamani waliwafundisha. Ni kuruka. Unaachia mikono na miguu kwa pamoja, unakwenda hewani, ili wakati unapogusa ardhi usiwe umegusa chuma hata kwa kidole.

Ngigi akaamua kuruka. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi kwa mawe. Alifungua kulabu ya mkanda wake, akamwambia Kiprugut, "Nikifika nitamtoa huyo fundi Masinde kwa masikio," akaruka.

Alikuwa ameachia mikono na miguu kama walivyofundishwa. Lakini mnyororo wa mkanda, ambao alidhani ameufungua wote, ulikuwa umenasa kwenye ngazi kwa nyuma. Miguu yake ilitua kwenye nyasi zilizolowa, na mnyororo ukakazika mgongoni kwake.

"Hakupiga kelele," anasema Kiprugut. "Nilitaka apige kelele."

Kiprugut naye aliruka, mbali kadiri alivyoweza, na akasikia kifundo cha mguu wa kushoto kikivunjika. Hakuthubutu kumgusa mwenzake. Alitambaa hadi kwenye kibanda akaupiga mlango kwa jiwe mpaka Masinde, fundi wa zamu, alipofungua.

"Niliambiwa mmeshuka!" Masinde alisema. Kisha akaona, akakimbilia swichi.

Chini huko Bondeni, Mastura Obeid anakumbuka dakika hizo kwa namna nyingine. Redio yake ya betri ilikuwa dirishani kama kawaida, na majirani wawili watatu walikuwa wamekimbilia barazani kwake kwa ajili ya mvua. Wachuka alikuwa akichambua maharagwe.

"Stesheni ikafunguka kabla ya wakati wake," anasimulia Mastura, mikono yake imetulia mapajani. "Wachuka akafurahi mno. Akaniambia, 'Bi Mastura, umesikia? Wameanza mapema. Basi Baba Nderitu amekwisha maliza kazi, leo atawahi.' Maana alijua redio haifunguki mume wake akiwa juu. Akamwinua yule mtoto mdogo, akacheza naye pale pale barazani. Wimbo ukakatika katikati. Mimi nikasema betri imekufa. Nikaitoa, nikaipangusa, nikairudisha."

Masinde alipiga simu mjini, lakini gari la ofisi lilikuwa limekwama kwenye matope. Lililokuja ni lori la shamba la jirani, limejaa magunia ya pareto. Walimlaza Ngigi juu ya magunia, kichwa chake mapajani mwa Kiprugut. Alikuwa hai. Mgongo na nyayo vilikuwa vimeungua, anasema Kiprugut, kuungua ambako kwa nje kulionekana kudogo.

Walipofika kwenye kizuizi cha kuingilia mjini giza lilikuwa linashika. Askari akapanda nyuma ya lori na taa.

"Huyu ni kabila gani?"

"Ni mgonjwa," Kiprugut alimjibu.

"Nimeuliza kabila. Kipande chake kiko wapi?"

Kipande kilikuwa ndani ya koti la Ngigi, na koti lilikuwa limetundikwa kwenye msumari katika stoo ya vifaa, kule mlimani. Kiprugut alieleza. Askari alisema lazima amngoje mkubwa wake. Walingoja hapo huku mvua ikiendelea kunyesha juu ya magunia, mpaka afande alipotokea, akamulika uso wa Ngigi, akaizima tochi yake na kusema, "Piteni."

"Njiani Ngigi aliniuliza neno moja tu," anasema Kiprugut. "Aliniuliza, 'Saa moja imepita?' Nikamwambia bado. Ilikuwa imepita zamani."

Siku ya tatu, hospitalini, Ngigi wa Nderitu akafariki. Alikuwa na miaka thelathini na minne.

Kwenye mazishi watu walikuwa wachache. Wakikuyu hawakuruhusiwa kukusanyika, kwa hiyo waliochimba kaburi walikuwa ndugu na majirani wa Mastura, na Kiprugut alisimama kando akiegemea fimbo mbili. Wachuka hakulia mbele za watu. Jioni yake, anasema Mastura, ndipo alipovunjika, na neno alilokuwa akilirudia ni moja: "Nilikuwa nimefurahi. Bi Mastura, mimi nilikuwa nimefurahi."

Baadaye ofisi iliita watu kuwauliza. Kiprugut alikwenda na plasta mguuni. Alisema kila kitu: kwamba ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Ngigi, kwamba taa iliwaka hata hivyo, na kwamba lazima palikuwa na ufunguo wa pili. Ulikuwepo. Ulikuwa umechongwa wiki chache kabla, ili stesheni iweze kufunguliwa wakati wowote bila kuwangoja wapandaji.

Mwisho wa maswali hayo, ofisi ilisema Ngigi hakuwa ameutumia mkanda kama inavyotakiwa, kwa hiyo familia yake haikuwa na haki ya fidia. Mkubwa aliyempigia Masinde simu na kumwamuru awashe alihamishwa mahali pengine. Aliyefukuzwa ni Masinde.

"Nilisema kweli," anasema Kiprugut. "Nilidhani nikisema kweli itamfikia yule aliyepiga simu. Ilimwangukia aliyeipokea."

Masinde leo anabeba magunia ya mahindi katika maghala yaliyo karibu na reli. Mwandishi wa habari hizi alimkuta hapo mchana, amekaa juu ya mizani akila muhogo. Mwanzo hakutaka kusema. Kisha akasema:

"Kiprugut hakunikosea, mwambie hivyo. Niliwauliza kwenye simu, wapandaji je? Wakasema kwa mvua hii wameshashuka zamani, washa, wenzetu wameshaingia. Nikachungulia dirishani, mawe, huoni kitu. Ningeweza kutoka nikaangalia. Sikutoka. Mimi ndiye niliyegeuza ufunguo ule."

Akafuta mikono, akarudi kwenye magunia.

Wachuka hakuumaliza mwaka huo Nakuru. Ruhusa yake ya kukaa mjini ilikuwa ni ya mumewe, na mume hakuwepo. Mastura alikwenda kwa makarani mara nyingi kumwombea, akasema atamwandika kama mtumishi wake wa nyumbani. Walimwambia mjane wa Bondeni hana haja ya mtumishi. Asubuhi moja lori likaja. Mastura aliruhusiwa kuwafungia watoto mikate, basi.

Na Kiprugut akarudi kwenye mlingoti. Mguu ulikuwa umeungwa vibaya, lakini anasema kupanda hakuhitaji mbio. Mkewe huko Sotik alimtaka aache kazi. Ndugu zake walimwambia kuna kazi kwenye mashamba ya chai. Alikataa.

"Nikiondoka watapandisha mtu mgeni," anasema. "Mgeni ataambiwa ufunguo ni mmoja, na ataamini."

Ofisi inasema ufunguo wa pili ulikwisha yeyushwa. Labda. Yeye anaendelea na fyuzi zake na leso. Ugomvi wa masafa nao ulikwisha: mwaka juzi kila stesheni ilipewa ya kwake, kwa barua iliyotoka Nairobi. Kiprugut alipoambiwa habari hiyo alikuwa anapaka rangi. Anasema alishuka, akaketi kwenye nyasi, na hakupanda tena siku hiyo.

Sasa, katika huu mwaka wa 1959, amri nyingi za Hali ya Hatari zimelegezwa. Kafyu haipo tena, na Wakikuyu wameanza kuonekana wakirudi mjini mmoja mmoja kutafuta kazi. Kiprugut alipoona hivyo alikwenda kwa Mastura, wakakubaliana jambo. Mastura angekitoa kile chumba kwa bei ile ile ya zamani, na Wachuka aletwe na watoto.

Ujumbe walimpa Ishak, mdogo wake Mastura, ambaye ni mpishi kwenye treni. Ishak alikuwa amemwona Wachuka mara kadhaa akiuza ndizi kwenye stesheni ya reli ya Maragua, huko Fort Hall. Alimweleza kupitia dirishani, treni ikiwa imesimama.

Jibu alilorudi nalo halikuwa walilolitarajia. "Mwambie Bi Mastura asante sana," Wachuka alisema. "Lakini ukitoka mlangoni pale unauona mlingoti. Sitaweza kila asubuhi."

Treni ikaanza kusogea. Wachuka akatembea nayo, kapu la ndizi kichwani, akamwambia Ishak lililobaki. Nderitu, mwanawe mkubwa aliyepewa jina la babu yake, ana miaka kumi na miwili. Huko kijijini wako wanaomwambia baba yake aliuawa msituni na bunduki mkononi. Wengine wanasema alikuwa mpelelezi wa serikali na alichinjwa. Wachuka akisema ni redio iliyomuua, watu wanacheka, na mtoto mwenyewe ameacha kumsadiki.

"Mwambie Kiprugut aje," alisema. "Yeye alikuwepo. Aje awaambie watoto."

Kiprugut ameomba likizo ya Desemba na amekubaliwa. Hajawahi kufika ng'ambo ya Nairobi, na Kikuyu anachokijua ni kile cha nyimbo za Ngigi, ambacho anasema kingi hakifai mbele ya watoto. Mastura ameanza kushona nguo za kuwapelekea, akikisia vimo vyao.

Kiprugut anakiri kwamba safari hiyo inamtia hofu kuliko kimo chochote alichowahi kupanda. Amekuwa akipanga maneno akiwa kazini, anayapanga na kuyapangua. Atawaambia kweli ni redio, ila hatawaeleza habari za moto, anasema, wala za mgongo wa baba yao, wala za kizuizi. Atawaimbia wimbo mmoja wenye jina la mama yao, kama ataweza kuumaliza.

"Na Nderitu akiniuliza kwa nini baba yake hakungoja," anasema Kiprugut, "nitamwambia aliruka kwa sababu alikuwa anakwenda nyumbani, kwa watoto wake."